Jua la Jakarta, Taa za Berlin

Mtu aliyekusudia kufuga matumbawe nyumbani kwake, katika hodhi la kioo lenye maji ya chumvi, aghalabu huanza kwa kuuliza taa yake iwe ya wati ngapi. Na swali hilo, ijapokuwa ni la kawaida, halina jawabu la kumfaa, kwa sababu wati ni kipimo cha umeme uliwao na taa, si kipimo cha nuru iwafikiayo viumbe walio chini ya maji. Miongoni mwa waliotangulia katika kazi hii alikuwamo mmoja aliyejaliwa jua tele, na walikuwamo wengine waliolikosa, na kwa kuwalinganisha hao twaweza kutambua ni kitu gani hasa kinunuliwacho taa inaponunuliwa.

Lee Chin Eng, mkazi wa Jakarta, alieleza mwaka 1961 namna alivyoweka hodhini mawe yaliyotoka baharini pamoja na viumbe vyake, akapuliza mapovu ya hewa ndani ya maji, akaliachia jua yaliyosalia. Jakarta ipo nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, na jua la utosini katika nchi za joto hushusha juu ya uso wa maji nuru ikaribiayo maikromoli 2,000 kwa kila mita ya mraba katika kila sekunde, ikihesabiwa ile tu ambayo mimea huweza kuitumia, yaani yenye mawimbi ya nanomita 400 hadi 700. Mwenye neema ya namna hiyo hana haja ya kuchagua taa. Ama mtu wa Berlin, ambaye wakati wa baridi huliona jua saa chache tu, tena likiwa chini chini, hakuwa na budi kuitengeneza nuru yake mwenyewe.

Haja hiyo kwa hakika si ya tumbawe lenyewe, maana tumbawe ni mnyama, bali ni ya vimwani visivyoonekana kwa macho vinavyokaa ndani ya nyama yake, ambavyo kwa usanisinuru hutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wao sehemu kubwa. C. M. Yonge na wenzake, walipokuwa kwenye Great Barrier Reef huko Australia mwaka 1928 na 1929, waliyatia matumbawe gizani, wakaona yakivitoa vimwani hivyo. Na Thomas Goreau, katika uchunguzi alioufanya Jamaika, alionyesha mwaka 1959 ya kuwa tumbawe lililo katika nuru huijenga mifupa yake ya chokaa kwa kasi iliyo mara kadhaa ya lile lililo gizani.

Wafugaji wa Berlin, ambao Dietrich Stüber ni mmoja wa waliotajika sana, hawakuridhika na taa za mirija zilizozoeleka, wakatwaa taa za metali halaidi, ambazo watu walizijua madukani, viwandani na katika viwanja vya michezo, wakazitundika juu ya maji. Katika miaka ya 1980 Acropora ya Stüber, tumbawe la matawi la jamii iliyosifika kwa ugumu wa kufugwa, ilistawi hata akawa akiyakata matawi yake na kuwagawia wenzake. Nuru haikutenda peke yake: walitumia pia chombo cha kutoa uchafu kwa povu, na kwa mafundisho ya Peter Wilkens wakafidia maji yaliyogeuka mvuke kwa maji ya chokaa. (Sisi wa pwani, ambao tangu kale tumeyachoma matumbawe ili tupate chokaa ya kujengea, na tuwastaajabie watu walioirudisha chokaa majini ili wapate matumbawe.) Taa hizo za metali halaidi zilikuwa na adhabu yake: joto lake liliyapasha maji moto kupita kadiri, na zile zisizo na kioo cha kuzuia mionzi ya urujuanimno ziliviunguza viumbe.

Kuhusu rangi, macho ya mwanadamu si shahidi wa kutegemewa. Bahari huimeza nuru nyekundu katika mita chache za juu, huku ya buluu ikishuka mbali zaidi, na vimwani vimeumbika kwa mujibu wa hali hiyo: klorofili zake hunasa sana mawimbi ya nanomita 430 hadi 460 hivi, na rangi yake nyingine, peridinini, huendelea kunasa hata kupita 500. Taa ya kelvini (kipimo cha rangi ya nuru) 6,500 huweza kukuza vizuri, ila huyaonyesha matumbawe kuwa ya hudhurungi. Ya kelvini 20,000 huamsha rangi zake za kijani na zambarau, lakini kwa wati zile zile aghalabu hutoa nuru pungufu. Sanjay Joshi wa Pennsylvania, aliyezipima taa nyingi moja baada ya moja, alidhihirisha kwamba taa zilizoandikwa wati sawa na kelvini sawa hutofautiana kwa nuru, na kwamba hata balasti inayoziwasha hubadili matokeo. Maandishi ya kwenye kasha, kwa maoni yangu, yana biashara zaidi kuliko ilimu.

Leo taa za LED zimeipokonya metali halaidi nafasi yake, lakini hesabu ni ile ile. Matumbawe laini hutosheka na maikromoli 50 hadi 150. Yenye mifupa ya mawe na nyama nene, takriban 100 hadi 200. Acropora na jamaa zake, 200 hadi 400, kwa muda wa saa nane hadi kumi kila siku. Zaidi ya hapo vimwani hushiba, na nuru ya ziada huvidhuru, tumbawe likapauka. Ikipungua mno, tumbawe huongeza vimwani na kugeuka hudhurungi. Kipimo cha nuru sharti kitumbukizwe mahali pale pale litakapokaa tumbawe, na mwenye kukitumia ajue kwamba vipimo vingi vya zamani huihesabu buluu chini ya kiasi chake, hata mtu akaongeza nguvu ya LED kwa kuiamini namba ndogo, kumbe nuru imekwisha kuzidi. Tena LED, kwa kuwa nuru yake hutoka katika vitone vichache, huacha vivuli vikali chini ya matawi, na ndiyo maana wengine huziweka pamoja na taa za mirija, ambazo hueneza nuru pande zote. Tumbawe geni huanzishwa katika nuru hafifu, kisha ikapandishwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. LED nyingi huifanya kazi hiyo zenyewe, ilhali mwenye metali halaidi hulazimika kuitundika taa juu zaidi, au kulifunika hodhi kwa wavu, na kuuondoa tabaka moja moja.