Bibi Salme Alimwandikia Nani?

Wako miongoni mwetu, hapa Al-Sulay na kule Jeddah, wanaoweka madaftari. Tunawajua, ingawa wenyewe hawapendi kujulikana. Dereva wa lori la makontena huandika anaposubiri zamu ya kupakia ghalani. Mpishi huandika baada ya sala ya Isha. Yuko na mama mmoja anayelea watoto wa watu, naye huandika ndani ya simu yake taa zikishazimwa. Ukiwauliza wanaandika nini, jibu lao ni moja: mambo yangu tu. Swali la pili hulikwepa. Unamwandikia nani?

Tunadhani swali hilo la pili ndilo linaloamua mtu atajifunza nini kwa kuandika habari zake mwenyewe. Husemwa mara nyingi kwamba ukiyaandika maisha yako utajijua. Si kila mara. Wapo walioandika mamia ya kurasa juu ya nafsi zao wakatoka vilevile walivyoingia. Ili tusizungumze hewani, tumchukue mwenzetu aliyeonja ughaibuni kabla yetu sote, akaandika habari zake mara mbili kwa wasomaji wawili tofauti: Bibi Salme binti Said wa Unguja, ambaye Wajerumani walimwita Emily Ruete.

Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, baba yake Seyyid Said bin Sultan, mama yake suria wa Kicherkasi. Siku zile watoto wa kike wa jumba walifundishwa kusoma Qur'ani, lakini kuandika kulikuwa kwa wavulana. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Elimu hiyo ya kuiba ilimponza mapema. Mwaka 1859 ndugu yake Barghash alipofanya njama ya kumwondoa Seyyid Majid, Salme alikuwa na miaka kama 15 tu, na kwa kuwa alijua kuandika akafanywa mwandishi wa barua za njama. Njama ikavunjika. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Mwezi Mei 1867 akabatizwa, akaolewa, wakahamia Hamburg. Mumewe akafa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ambayo hata lugha yake alikuwa bado anajifunza.

Kitabu chake cha kwanza, *Memoiren einer arabischen Prinzessin*, kilitoka Berlin mwaka 1886. Katika dibaji anaeleza kwamba alianza kuandika kwa ajili ya wanawe, ambao hawakujua mengi juu ya asili yake zaidi ya kwamba mama yao ni Mwarabu na ametoka Unguja. Nia hiyo ni njema na inagusa, hasa kwetu sisi ambao watoto wetu wanaijua Mombasa au Unguja kwa likizo ya wiki sita. Lakini kati ya daftari na mtambo wa kupigia chapa msomaji alibadilika. Ukisoma unamwona mgeni wa Kijerumani amekaa pembeni kila mlango, na maswali yake mfukoni: Je, wanawake wenu hawafungiwi? Je, hamna uvivu? Je, watumwa? Bibi Salme anamjibu. Anamjibu kwa akili na kwa ukali, na mara nyingi anamshinda, hasa anapopima malezi ya Ulaya na malezi ya kwao. Lakini mtu anayejibu mashtaka hana nafasi ya kujiuliza lolote.

Kurasa nzuri za kitabu hicho ni zile ambazo mgeni amesahauliwa: Mtoni na ua wake uliojaa ndege na wanyama, ngazi za jumba zilizochakaa, pilikapilika za kuamkia Idi. Hapo mkono wa mwandishi unatembea wenyewe. Lakini ukitafuta jambo lililomtoa kwao, utalikuta limepitiwa haraka, kwa kurasa chache. Mimba haimo. Mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa Aden na kufa angali mchanga, hayumo. Hatumlaumu, mwaka 1886 mwanamke gani angeyachapisha hayo, na kwa watoto wake gani? Tunasema tu kwamba maduka ya Mji Mkongwe yanayowauzia watalii kitabu hiki kama dirisha la kuitazama Zanzibar ya zamani yanauza dirisha lenye pazia.

Sisi wa kazi ya uhandisi tumezoea daftari la aina nyingine. Kila penye ujenzi huwekwa daftari la kila siku: hali ya hewa, idadi ya mafundi na vibarua, zege kiasi gani limemwagwa na saa ngapi, nani amekuja kukagua na amesema nini. Masharti yake ni machache. Andika siku hiyohiyo. Usichane ukurasa. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili kilichokatwa kiendelee kusomeka, kisha tia sahihi. Hakuna anayeandika daftari hilo ili aonekane mwema, maana likizuka shauri kati ya mkandarasi na mwenye jengo linakwenda mbele ya hakimu kama lilivyo. Kuliandika kunachosha. Faida yake huja miaka miwili baadaye, ufa ukishatokea ukutani na kila mtu anakumbuka vingine.

Kwa kipimo hicho kitabu cha 1886 kimenakiliwa upya kwa hati safi, na mistari iliyokatwa haionekani. Isipokuwa mahali pamoja, na hapo ni bila ya mwenyewe kujua.

Mlango wa utumwa ndio huo. Bibi Salme anautetea utumwa wa kwao. Anasema haulingani na ule wa Marekani, na anasema juu ya mtu mweusi, kwamba ni mvivu na hafanyi kazi ila kwa kulazimishwa, maneno ambayo msomaji wa leo anayapita ameuma meno. Mwaka 2019 mji wa Hamburg uliupa uwanja mmoja wa mtaa wa Uhlenhorst jina lake. Mwaka uliofuata, mlango huo uliposomwa tena, ikaamuliwa jina liondolewe. Uwanja ni wao na uamuzi ni wao. Lakini kitabu ni chetu pia, na sisi tusingeuchana ukurasa huo. Tunaousoma hapa Riyadh, wengine ni wajukuu wa waliofungwa minyororo, wengine wajukuu wa waliowafunga, na wengi wetu wajukuu wa wote wawili. Hakuna mahali pengine katika kitabu ambapo binti huyu wa jumba anajionyesha wazi kama hapo.

Na tazameni miaka. Alipochapisha maneno hayo alikuwa ameishi Ujerumani miaka 19. Miaka hiyo yote yeye mwenyewe alitazamwa njiani kama kiumbe wa ajabu, akapimwa kwa rangi na nchi aliyotoka. Ungetaraji kwamba mtu aliyetazamwa hivyo angewakumbuka wale aliowatazama yeye alipokuwa juu. Hakuwakumbuka. Kwa hiyo anayetwambia kwamba kuandika peke yake kunamfungua mtu macho, tunamwomba asome mlango huu kwanza.

Kuna mwandiko wa pili. Bibi Salme aliacha maandishi aliyoyaita *Briefe nach der Heimat*, yaani barua za kwenda nyumbani. Hayakuchapishwa maishani mwake. Mtoto wake wa kiume, Rudolph Said-Ruete, aliyahifadhi, na wasomaji wengi waliyapata kwa mara ya kwanza mwaka 1993, E. van Donzel alipoyatoa kwa Kiingereza huko Leiden pamoja na kile kitabu cha kwanza, katika juzuu liitwalo *An Arabian Princess Between Two Worlds*. Yameandikwa kama barua kwa rafiki wa kike aliyebaki Unguja, na humo yule mgeni wa Kijerumani ametolewa nje, mlango umefungwa.

Ni mtu mwingine kabisa. Aliyekuwa wakili sasa ni mgonjwa anayemweleza mwenzake panapouma. Anasimulia kufika Hamburg, baridi, nyumba zilizofungwa milango, chakula alichokiogopa, mazungumzo ya mezani asiyoyafahamu. Anasimulia uzito wa dini aliyoipokea kwa haraka bila ya kufundishwa, na jinsi moyo wake ulivyobaki kati. Anasimulia kifo cha mumewe, na baada yake fedha zinazopungua, na kuhama mji hadi mji kutafuta maisha ya bei nafuu. Kwa kuwa msomaji wake anazijua Mtoni na Idi, hana haja ya kumweleza hayo. Anamweleza Ujerumani. Hapo ndipo tunapoanza kumwamini, kwa sababu mwenye kueleza ugeni wake hawezi kujifanya bingwa. Yeyote aliyewahi kukaa hospitali ya nchi ya watu akaitikia kwa kichwa maneno asiyoyafahamu atazitambua kurasa hizi.

Kwa maoni yetu barua hizi ni maandishi makubwa kuliko kile kitabu kilichompa jina, na ni dhuluma kwamba hazisomwi sana kwetu.

Lakini zina jambo moja lililotushughulisha kwa muda mrefu. Zimeandikwa kwa Kijerumani. Rafiki wa Unguja angezisomaje? Bibi Salme alizungumza Kiarabu na Kiswahili tangu utotoni. Aliwahi hata kujipatia riziki kwa kufundisha Kiarabu hukohuko Ujerumani, kwa hiyo lugha haikuwa imempotea. Ila maumivu yale aliyapata kwa Kijerumani, na kwa Kijerumani ndiko yalikokuwa na majina. Tunavyoona sisi, yule rafiki ni kiti kitupu kilichowekwa mkabala na meza ili mwandishi apate wa kumtazama usoni. Bila ya kiti hicho asingeweza kusema. Na kama angekaa mtu wa kweli pale, huenda pia asingesema.

Hapa Tippu Tip anatuvurugia hoja kidogo. Hamed bin Muhammed el Murjebi naye aliandika maisha yake, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, na aliyeyapokea ni Mjerumani, Heinrich Brode, ambaye aliyatoa Berlin mwaka 1902 na 1903. Msomaji ni mgeni, kama wa Bibi Salme, lakini hamna utetezi wowote. Ni frasila za pembe, madeni, vita, siku za safari. Anaeleza bila haya jinsi alivyoupata utawala wa Utetera kwa kutunga hadithi ya bibi yake, kwamba alikuwa ndugu wa mtawala wa huko. Ni daftari la kazi, na kwa sababu hiyo ni ushahidi mkubwa juu ya mtu na biashara yake. Ila halijamfundisha mwenyewe kitu. Anayemuuliza Tippu Tip alijisikiaje ameingia duka silo.

Shaaban Robert yuko upande mwingine. *Maisha Yangu* ina tenzi alizowaandikia bintiye na mwanawe, na kivuli cha watoto hao kiko juu ya kitabu chote. Baba akiwaandikia wanawe huvaa kanzu safi. Nasaha ni nyingi, na utoto wake mwenyewe karibu haupo. Tunaompenda Shaaban tunapata mengi zaidi katika barua alizompelekea ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958, ambazo TUKI ilizichapisha mwaka 2002. Ndugu hahitaji kanzu.

Turudi kwetu. Zamani, kabla ya simu za mkononi, watu wa Jeddah walisubiri mahujaji wa kutoka Afrika Mashariki ili wawape barua na kaseti za kupeleka nyumbani. Waliowahi kuzisikiliza wanajua zilivyokuwa: salamu kwa kila mtu kwa jina, sisi huku hatujambo, kazi ni nzuri, fedha kidogo inakuja. Leo ni sauti za simu, na maneno ni yaleyale. Hayo ndiyo *Memoiren* yetu, na tusiyadharau, kwani mama akiugua shinikizo la damu Tanga hafai kusikia kila kitu. Lakini kijana akikaa hapa miaka 12 akisema hayo tu, siku moja hurudi nyumbani akakuta wanaomngoja ni watu wa yule wa kwenye kaseti, na yeye hawajamjua. Tumewaona waliorudi hivyo. Wengine hawakukaa mwaka. Wakaomba viza tena.

Kwa hiyo wale wenye madaftari tunawaunga mkono, ila tunawasihi wachague msomaji kwa makini kuliko wanavyochagua kalamu. Si lazima awe hai, wala si lazima apelekewe. Awe mtu asiyehitaji kuelezwa ugali wala kudanganywa juu ya mshahara. Na kama inawezekana, iwe kwa Kiswahili. Yule mama wa simu huchanganya Kiarabu cha jikoni na Kigiriama katika sentensi moja, naye anasema kila neno limekuja na siku yake. Hatukuwa na la kumjibu.

Nakala yetu ya juzuu la van Donzel ni moja. Ilitoka Al-Sulay kabla ya Ramadhani ikaenda Jeddah kwa siku kumi, na mpaka tunaandika haya haijarudi. Aliyenayo amalizie barua, kile kitabu cha kwanza akiruke, kisha ampe dereva yeyote wetu anayekuja Riyadh.