Mwarobaini: Safari ya Jani Hadi Nimbolidi

Mbagala, Tandika au Tegeta, jijini Dar es Salaam, mwarobaini haukosekani mtaani. Jani lake huchemshiwa mwenye homa na kuogeshwa mtoto mwenye upele. Ndani yake mna nimbolidi, ambayo Donald Ekong wa Chuo Kikuu cha Ibadan alieleza muundo wake mwaka 1967. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba hutuliza uvimbe kwa kuidhibiti NF-kB, protini inayoamuru seli zitoe kemikali za uvimbe.

Kuipata nimbolidi ni kazi. Majani hukaushwa kivulini, husagwa, kisha hulowekwa kwenye methanoli. Methanoli ikishavukizwa hubaki uji mzito wa kijani, unaonata kama lami, na hapo ndipo uvumilivu huisha, maana umbijani hung'ang'ania kila kitu. Uji huo huoshwa kwa heksani ili nta na mafuta vitoke, kisha ithaili asetati huchukua limonoidi, kundi la nimbolidi. Baadaye mchanganyiko hupitishwa kwenye mrija uliojazwa silika, na matone hukingwa chupa baada ya chupa. Tone la kila chupa hudondoshwa kwenye kibamba cha silika, kibamba husimamishwa kwenye kiyeyusho kinachopanda juu yake, kisha hupuliziwa asidi ya salfuriki na kupashwa moto hadi madoa yaonekane. Chupa zenye doa moja lililofika kimo kimoja huunganishwa.

Kuitambua ni rahisi zaidi: masi ya molekuli 466, fomula C27H30O7, na kwenye kipimo cha NMR hidrojeni tatu za pete ya furani zinajitokeza wazi.

Mtego uko kwenye kipimo cha uvimbe. Seli za kinga huchokozwa kwa sumu ya bakteria, kisha hupimwa zimetoa kiasi gani cha naitriki oksaidi, mojawapo ya kemikali za uvimbe. Nimbolidi huua seli pia, na seli mfu haitoi kitu! Ripoti isiyoonyesha seli ngapi zilibaki hai, mimi huiweka kando.

Halafu kuna sufuria. Nimbolidi haipendi maji, kwa hiyo maji machungu yanayonywewa Mbagala hubeba kidogo tu. Yanachobeba zaidi ni flavonoidi zilizoshikana na sukari. Matokeo ya methanoli hayawezi kuyasemea maji hayo. Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti, ndiyo mahali pa kuanza upya: majani yachemshwe kama yanavyochemshwa nyumbani, maji yachujwe, na kila sehemu itakayotenganishwa ipimwe uvimbe na uhai wa seli kwa pamoja.