Fidla na mashine: nani anamsubiri mwenzake?

Mpiga fidla anapotoa albamu yake ya kwanza ya kuchanganya muziki wa kina Bach na Vivaldi na biti za disko, mimi siangalii kwanza wepesi wa vidole vyake. Nasikiliza nani anamsubiri mwenzake. Fidla ina mwendo wake na sauti zake, kompyuta nayo ina zake, na haziwezi kukaa kwenye wimbo mmoja bila mmoja kumpisha mwingine. Mara nyingi uamuzi huo hupita kimyakimya studioni, siku ya kwanza kabisa, pale prodyuza anapowasha metronomu na kumwambia mpigaji, "Haya, tuanze."

Hapa Dubai tumeuzoea muziki huu kiasi kwamba hatuulizi tena. Oud Metha ninakokaa, na kila mtaa wenye hoteli na kumbi za harusi, utamkuta mpigaji na fidla ya umeme isiyo na kasha, pembeni yake dijei, na biti iliyokwisha kurekodiwa zamani. Mpigaji hodari hupamba juu ya biti ile, lakini hawezi kuisogeza hata kidogo. Akitaka kuvuta noti moja kwa sababu imemgusa, biti itamwacha nyuma.

Mtindo huu una mzazi anayejulikana. Mwaka 1995 kampuni ya EMI ilitoa The Violin Player ya Vanessa-Mae, msichana wa miaka 16 aliyezaliwa Singapore na kukulia London. Alikuwa amesharekodi muziki wa okestra tangu utotoni, ila hii ndiyo iliyokuwa albamu yake ya kwanza ya pop, na prodyuza wake alikuwa Mike Batt. Wimbo uliobeba albamu ni Tokata na Fuga katika Re ndogo ya Bach, uliofika nafasi ya 16 kwenye chati ya Uingereza.

Wengi walidhani Batt alichukua tu wimbo maarufu wa kinanda cha kanisani akautia ngoma. Mimi naona uchaguzi ule ulikuwa wa akili zaidi. Mwaka 1981 mtaalamu Peter Williams alitoa hoja kwamba huenda kazi hii haikuandikiwa kinanda tangu mwanzo, bali fidla. Ushahidi wake mmoja unasikika hata kwa asiyesoma noti: katika fuga, kiini cha wimbo hupanda na kushuka huku noti moja, la, ikirudiwarudiwa katikati yake bila kukoma. Kwenye fidla, la ni uzi mtupu. Upinde unayumba kati ya uzi ule unaolia wenyewe na uzi wa jirani ambako vidole vinatembeza wimbo. Kwa mpiga fidla ni zoezi la kawaida.

Sasa msikilize prodyuza yeyote wa tekno anavyojenga muziki wake: noti fupifupi mfululizo, nne kwa kila pigo, na noti moja ya katikati inayorudi na kurudi hadi mwili unaanza kutikisika wenyewe. Ni umbo lilelile. Kwa hiyo biti haikubandikwa juu ya Bach, ilikuta mlango uko wazi. Ndiyo maana wimbo ule unasimama mpaka leo, wakati nyimbo nyingine za albamu hiyohiyo, zile za taratibu zenye nyuzi laini za okestra nyuma, naziona zimechakaa. Hazikuwa na mapigo ndani yake tangu mwanzo, na ngoma zikaja kama wageni wasioalikwa.

Jambo la pili ni nafasi ya kila sauti. Uzi mnene kuliko zote wa fidla hulia kwenye Hezi 196. Kiki ya ngoma za disko hukaa chini ya hapo, kati ya Hezi 50 na 100, na besi huzunguka palepale. Chini, basi, hakuna ugomvi. Ugomvi uko juu, kati ya Hezi 1,000 na 4,000, ambako ukali wa fidla unakutana na mlio wa snea, na sinthesaiza, na sauti ya mwimbaji. Prodyuza makini huondoa sinthesaiza inayoimba mbele na kuiacha fidla peke yake mahali hapo. Asiye makini huacha vyote, kisha anapandisha sauti ya fidla mpaka inakata masikio.

Halafu kuna suala la mwanzo wa noti. Ngoma hulia papo hapo inapopigwa. Upinde sivyo: unashika uzi, unauvuta, uzi unakataa kidogo, ndipo unaitika. Kwa mwendo wa mapigo 130 kwa dakika, kila noti katika zile nne za pigo moja ina milisekunde 115 tu. Uzi ukichelewa kuitika, sehemu nzuri ya muda huo imeshapotea, na sikio linasema fidla imebaki nyuma ingawa mpigaji hakukosea. Kuna namna mbili za kurekebisha: mpigaji aume uzi kwa nguvu karibu na daraja, au fundi asogeze noti mbele kwenye kompyuta. Ya kwanza inabadilisha sauti, ya pili inaondoa pumzi. Lindsey Stirling, ambaye albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2012, alipata njia ya tatu kupitia dabstepu: muziki una mapigo 140, lakini snea hupigwa kwa namna inayoufanya mwili usikie 70. Katika nafasi ile kubwa upinde unapata muda wa kupumua.

Lakini linalonigusa zaidi ni sauti zenyewe, kwa sababu hapo sisi wa pwani ya Waswahili tuna hasara ya kuhesabu. Kinanda hugawa oktava katika nusu tona 12 zilizo sawa, kila moja ya senti 100. Mpiga fidla hafungwi na mgawo huo. Umbali wa tatu kuu ulio safi uko kwenye senti 386, na kinanda kinauweka kwenye 400. Senti 14 zinatosha kuifanya sauti iwe tulivu au iwe kali. Na ukiingia kwenye maqamu (ngazi za sauti) za taarabu, kama rasti na bayati, kuna sauti zinazokaa katikati kabisa ya noti mbili za kinanda. Fidla inazifikia kwa kidole kimoja. Kinanda cha kawaida hakinazo.

Kumbuka yaliyotokea kwenye taarabu ya kisasa miaka ya 1990. Vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanza mwaka 1905, na Culture Musical Club cha tangu mwaka 1958, vilikuwa na safu ya fidla zikipiga wimbo mmoja pamoja, kila mpigaji akiukata kwa namna yake kidogo. Tofauti zile ndogo za sauti na za muda ndizo zilizofanya fidla nne zisikike kama bahari. Rusha roho, yaani hiyo taarabu ya kisasa, ilipokuja, kibodi moja yenye kitufe cha "strings" ikachukua kazi ya watu wanne. Gharama zilishuka, sauti ilisikika uwanja mzima, na watu walicheza. Siwalaumu waliofanya hivyo. Ila kitufe kile huingia polepole, noti zake zote ziko kwenye mistari ileile, na ule mteremko wa kidole kutoka noti hadi noti haumo. Tulichanganya taarabu na umeme, na fidla ndiyo iliyolipa.

Kaskazini mwa Uganda mambo yalikwenda vingine. Waacholi wana rigi rigi, ndugu wa zeze la Wagogo na orutu ya Wajaluo: uzi mmoja, kasha lenye ngozi, upinde mfupi. Kidole hugusa uzi ukiwa hewani, haukandamizwi juu ya ubao, kwa hiyo hakuna noti iliyokaa tuli. Kila sauti huingia ikiteleza na kutoka ikiteleza. Huko Gulu, Otim Alpha na prodyuza Leo Palayeng walichukua nyimbo za harusi za larakaraka, ambazo zamani zilihitaji kundi kubwa la watu na vibuyu vinavyopigwa kwa spoki za baiskeli, wakaziingiza kwenye kompyuta. Kukodi kundi zima ni ghali, na vita vilikuwa vimewaacha watu bila kitu. Kazi zao zilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017 kwa jina Gulu City Anthems. Sikiliza ngoma zake: ule mchakacho wa spoki juu ya kibuyu umehifadhiwa, haraka na mkavu. Kompyuta ndiyo iliyofundishwa larakaraka.

Kutoka udongo huo ikaja albamu ya Saccades ya mwaka 2023, ya mpiga rigi rigi Ocen James na Rian Treanor, Mwingereza wa Rotherham aliyefika Kampala mwaka 2018 na kurudi kwao akiwa amejaa singeli, ule muziki wa kasi wa Tanzania, masikioni. Kwangu mimi hii ndiyo kazi iliyokwenda mbali kuliko zote katika kukutanisha upinde na mashine. Rigi rigi inabaki na mikwaruzo yake, ule ukali wa nywele juu ya uzi ambao fundi mwingine angeusafisha kwa saa nzima. Milio ya kompyuta haikai kwenye noti za kinanda. Inajikunja na kuteleza kuifuata rigi rigi. Kuna mahali huwezi kusema kwa hakika ni ngozi inayovuma au ni namba. Na mapigo, ingawa ni ya kasi, yanajikwaa na kujirekebisha kama mwanadamu.

Kiufundi si muujiza. Mfumo wa MIDI, ambao kila kibodi ya studio inautumia, una hatua 16,384 za kukunja noti moja. Ni sisi tunaoziacha bila kuzigusa. Programu nyingi za kurekodi zinaweza pia kusikiliza alichopiga mtu bila metronomu, kisha zikachora gridi juu ya mwendo wake, ikipanuka pale alipovuta na kubana pale alipokimbia. Kazi inageuka tu mpangilio wake: fidla inarekodiwa kwanza, kiki inaingia baadaye.

Vijana wanaojifunza fidla Unguja, kwenye chuo cha muziki cha DCMA kilichofunguliwa mwaka 2002, wana simu na kompyuta mkononi tayari, na wana bayati vidoleni. Kikundi cha Siti and the Band, kilichotokana na chuo hicho, kimeshaonyesha kwamba fidla ya taarabu inaweza kusimama mbele kabisa pamoja na besi na ngoma za kisasa. Bado sijasikia albamu ya mpiga fidla wa kwetu ambaye ameanza peke yake na taksimu ndefu, bila metronomu, kisha akamwita prodyuza wa singeli na kumwambia ajenge mapigo 200 kuizunguka taksimu ile, kila kiki ikitua pale upinde ulipogeuka.