Jembe la Nani? Dhamira ya Kazi katika *Utubora Mkulima*

Riwaya ya Shaaban Robert, *Utubora Mkulima*, iliyochapishwa mwaka 1968, miaka 6 baada ya kifo cha mwandishi, inaitukuza kazi ya mikono. Utubora anaacha ajira ya mjini na kwenda kulima katika kijiji cha Busutamu, na huko anapata utulivu ambao mshahara haukuweza kumpa. Katika jamii iliyorithi kwa ukoloni mazoea ya kuiona kalamu kuwa bora kuliko jembe, dhamira hii ina uzito wake.

Hata hivyo, jembe la Utubora lalima shamba lake mwenyewe. Hapo ndipo riwaya inapopungukiwa kwa msomaji wa Kiirua. Katika sehemu hii ya Meru wapo wachimbao viazi kwa jembe katika mashamba ya wengine, ilhali jirani, pande za Timau, ngano huvunwa kwa kombaini. Mchimbaji huyo huitwa kibarua, neno lililotokana na barua ndogo, yaani cheti cha kuhesabia siku za kazi. Jina lenyewe halitaji ustadi wa mikono yake. Lataja karatasi ya mwajiri. Kwake heshima ya kazi si suala la tabia njema pekee. Yategemea pia ni nani amilikiye shamba na nyenzo.

Methali nazo zina upungufu huo huo. "Mchagua jembe si mkulima" humkanya mvivu asingiziaye zana. Lakini mashine iingiapo shambani, mchagua zana ni mwenye mali, wala methali haimgusi. Mashine za kuchuma chai zilipochomwa moto huko Kericho mwezi wa Mei 2023, ilikuwa rahisi kuwaita wachomaji maadui wa maendeleo. Hukumu hiyo ni nyepesi mno, ingawa moto si jawabu. Mashine humpunguzia mtu maumivu ya mgongo, na hakuna utukufu katika kuumwa mgongo. Lakini ikimwondolea na ujira, nafuu hiyo yamfaa nini?

Fasihi ya Kiswahili imekwisha kumfundisha msomaji asilionee haya jembe. Bado haijamhoji vya kutosha mwenye mashine. Mwandishi atakayemweka kibarua wa Kiirua mahali pa Utubora hatakuwa na budi kumhoji.