Hesabu ya Kutoa

Mzee ana punje za kahawa kavu katika mfuko wa kushoto wa koti lake. Mchezo ukianza, mkono unaingia humo. Kila yule kijana anayemtazama anapogeuza shingo kuangalia nyuma ya bega kabla mpira haujamfikia, punje moja inahamia mfuko wa kulia. Akigeuka baada ya mpira kufika, hakuna kinachohama. Tulikuwa tumekaa kwenye majani juu ya uwanja wa shule moja ya Bwera, magharibi mwa Uganda. Kipindi cha kwanza kilipokwisha nikamwuliza, "Mzee, ngapi?" Akazimimina kiganjani. Kumi na tisa. Nikauliza kijana aligusa mpira mara ngapi. Hakujua, wala hakuona kwa nini ajue.

Wasaka vipaji nimewaona wengi, na karibu wote wanafuata mpira kwa macho kama watazamaji wengine waliolipa nauli. Huyu ndiye wa kwanza niliyemwona akikaa nusu ya mchezo mzima akimtazama mtu asiye na mpira.

Anachotafuta ni kiungo mchezeshaji, namba kumi. Mshambuliaji, anasema, hata mama anayeuza ndizi nje ya geti atakuonyesha, maana magoli yanahesabika. Kipa utamjua kwa siku tatu. Lakini mchezeshaji anaimaliza kazi yake kabla mguu haujagusa kitu, na kazi hiyo huwezi kuiona ila kwa kuivizia pembeni, kwenye shingo, kwenye mabega, kwenye namna anavyosimama akisubiri. Huko Norway kuna mtafiti, Geir Jordet, aliyetumia miaka akichunguza picha za viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza, akihesabu mara ngapi wanatupa macho pembeni kabla ya kupokea. Aligundua kwamba wanaoangalia zaidi ndio pasi zao zinazofika zaidi. Nilipomweleza Mzee habari hiyo, aliuliza tu kama Mnorway naye anatumia kahawa.

Uwanja wenyewe umeinama. Bwera yote imeinama. Imekaa kwenye vilima vya chini vya Rwenzori, na kila kinachodondoka huku hutaka kwenda Mto Lhubiriha, kule mpakani ambapo Mpondwe inatazamana na Kasindi ya Kongo. Kijana anayecheza kuteremka huonekana fundi. Pasi yake ndefu inafika, mkimbio wake una kasi, na watu wanampigia makofi. Punje za upande huo Mzee hazipi uzito. "Ile ni pasi ya mlima," ananiambia. "Mlima hausajiliwi." Anasubiri timu zibadilishane magoli, kijana apande, mpira umrudie miguuni kila anapousukuma, jua la saa tisa limpige usoni. Hapo ndipo punje zinaanza kuwa na thamani.

Nilichukua muda kuelewa anachofanya. Wasaka vipaji wengine wanajumlisha: kasi, magoli, urefu, sifa za mwalimu wa michezo. Yeye anatoa. Anachukua kile ambacho kijana amekionyesha, anaondoa kila ambacho si chake, kisha anatazama kilichobaki. Mara nyingi hakibaki kitu.

Umri ndio wa kwanza kutolewa. Ukikuta kijana wa miaka 19 katikati ya watoto wa 15, kila mguso wake utauona wa dhahabu. FIFA iliona tatizo hilo ni kubwa kiasi kwamba tangu mwaka 2009 wachezaji wa Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 wanapigwa picha za MRI za kifundo cha mkono. Mzee hana mashine, ila ana majina. Wakonzo, wenyeji wa huku, huwapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa: Baluku mvulana wa kwanza, Bwambale wa pili, Masereka wa tatu, Kule wa nne. (Ukivuka daraja kwenda Kongo, Bwambale anageuka Kambale na Masereka anakuwa Kasereka.) Kwa mgeni, orodha ya timu ya huku Kasese ni kitendawili, akina Baluku wanne na Bwambale watano. Ndiyo maana daftari la Mzee limejaa vitu kama "Bwambale wa soksi zilizoshuka" na "Masereka anayenung'unika". Lakini zamu hiyo hiyo ndiyo mtego wake. Kijana mmoja, Masereka, alimwapia kwamba ana miaka 15. Mzee hakubisha. Aliulizia tu habari za Kule, mdogo wake anayemfuata. Kijana akajibu kwa furaha kwamba Kule hajambo kabisa, alioa Desemba.

Baada ya umri anatoa wenzake, na hapa ndipo kazi inakuwa ngumu kweli. Wamarekani wanahangaika na jambo hilo hilo kwa fedha ambazo huku hatuwezi hata kuziandika. Katika futiboli yao yupo mtu anaitwa kwotabeki: anapokea mpira nyuma ya ukuta wa wenzake, ana kama sekunde tatu za kusoma uwanja, kisha anaurusha kwa mtu ambaye pengine bado hajafika mahali pake. Kila mwaka klabu za kulipwa huchagua vijana kutoka vyuoni kwa zamu, baada ya kuwakusanya Indianapolis kuwapima urefu, mbio, hata upana wa kiganja. Na bado wanakosea. Mwaka 1998 walibishana nani awe wa kwanza kati ya Peyton Manning na Ryan Leaf. Manning alichukuliwa wa kwanza na akaja kutwaa mataji mawili ya Super Bowl. Leaf, wa pili, alipotea ndani ya miaka michache. Mwaka 2000 Tom Brady alisubiri hadi akawa wa 199, kisha akatwaa mataji saba. Shida ni ile ile: kwotabeki wa chuo kikubwa anacheza nyuma ya ukuta wa majitu, anawarushia wenzake wenye mbio kuliko mabeki wa upande wa pili. Je, unamtazama yeye, au unautazama ukuta?

Mzee hakuvutiwa sana na hadithi hiyo mpaka nilipomtajia Mathias Kiwanuka. Huyo ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, aliyekuwa waziri mkuu wetu kabla ya uhuru. Alizaliwa Marekani, na mwaka 2006 New York Giants wakamchagua awe mlinzi, kazi yake kuwakamata akina kwotabeki. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, Giants wakiwa wameongoza 21 kwa 0 hadi robo ya mwisho, Kiwanuka alimkumbatia Vince Young wa Tennessee Titans, kisha akamwachia akidhani mpira umeshatoka mikononi. Haukuwa umetoka. Young akakimbia nao, na Titans wakashinda 24 kwa 21. Mzee alinyamaza kidogo. "Alimshika kwa mikono miwili," akasema, "na bado hakumwona."

Dawa yake mwenyewe ni rahisi. Humwomba mwalimu wa michezo, siku ya mazoezi, amhamishe kijana kwenye kikosi cha wabovu: winga wasiokimbia, beki anayepiga mbele tu. Kisha anaangalia kama kijana atalalamika, au ataanza kuwachezesha kwa kadiri ya uwezo wao, pasi fupi kwa huyu, pasi ya taratibu kwa yule mwenye mguu mmoja. Sijui kipimo kingine kinachonipendeza kama hicho.

Wanaobaki baada ya kutoa kote huko ni wachache, na huwaombea nafasi kwenye shule za mbali. Kila mtu anataka St. Mary's Kitende, shule ya Lawrence Mulindwa, kwa sababu njia ya kutoka huko kwenda klabu yake ya Vipers ni fupi. Sheria za FIFA husema asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawanywe kwa klabu zilizomlea mchezaji tangu akiwa na miaka 12. Mzee si klabu. Anapata nauli ya basi, na mara nyingine mbuzi kutoka kwa baba fulani huko Kyarumba.

Daftari lina kurasa za nyuma ambazo haonyeshi ovyo. Humo ameandika aliowakataa na wakaja kumwaibisha. Mmoja amemwekea alama ya kalamu nyekundu: alimwita mvivu, kijana asiyerudi kukaba baada ya saa ya kwanza. Miaka baadaye alisikia kwamba kijana yule alikuwa akishuka mlimani kabla ya alfajiri, tumbo tupu, ili awahi mchezo.

Kipindi cha pili siku ile nilijaribu kuona anachokiona yeye. Nilimkazia macho Bwambale wa mguu wa kushoto, mwembamba, viatu vya kuazima. Alikuwa sasa anapanda. Mpira ulimjia ukirukaruka kama panzi. Akageuza shingo, akarudi kuutazama, akageuza tena. Hakuutuliza. Alifungua kiuno, akauacha umpite mguu wa kulia, akaukuta kwa wa kushoto na kuusukuma moja kwa moja kwenye upenyo kati ya beki na kibendera cha kona. Winga wake hakukimbia. Alikuwa amesimama akifunga bukta. Mpira ukatoka nje. Uwanja mzima ukamzomea Bwambale. Nilisikia punje mbili zikigongana mfukoni.

Timu yake ilifungwa. Vijana wakawa wanateremka kuelekea barabarani, na Mzee akamwita.

"Jambo, Mzee."

"Jambo, mwanangu. Umekula nini leo?"

Kijana akatazama viatu. "Bundu na sombe." Ugali wa muhogo na kisamvu.

"Leo?"

"Jana usiku."

Mzee akampa noti ya chapati na mayai, akamwuliza mama yake ni wa kijiji gani, akamwacha aende. Kuhusu mpira hakumwambia neno. Alipoandika, nilichungulia juu ya bega lake: Bwambale wa kushoto. 31. Njaa. Nirudi.