Wamang'ati na Mizani ya Jina la Kupewa

Jina Wamang'ati limezoeleka mno katika Kiswahili, hata ramani huandika tambarare ya Mangati. Wanaoitwa hivyo ni wafugaji wa Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, katika nchi ya Mogitu na Katesh, chini ya mlima wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Wenyewe hujiita Wadatoga, na Wabarabaig ni tawi lao mojawapo.

Asili ya neno ni Kimasai. Il-mang'ati ni maadui, na il- ni alama ya wingi wa nomino za kiume. Kiswahili kiliivua alama hiyo, kisha kikalivika shina M- na Wa- za watu: Mmang'ati, Wamang'ati. Silabi ma- iliyomo haina udugu na ile ya mawe na matunda, ndiyo maana haiondoki katika umoja. Msomaji wa Pwani asistaajabu. Sawahil ya Kiarabu nayo ni wingi wa sahil, ikaingia na wingi wake, ikavikwa Wa- juu yake. Tofauti ni kwamba Waswahili waliitwa kwa mwambao wao. Wadatoga waliitwa kwa vita vya jirani. Husemwa kwamba kinywani mwa Mmasai neno lilibeba heshima pia, ya shujaa kwa shujaa mwenziwe. Heshima hiyo haikuvuka kuja katika Kiswahili. Kilichovuka ni sauti tu, na sifa ya ukali.

Hapo ndipo mshairi anapopaswa kuulizwa. Atafutaye mfano wa ukatili akaandika Wamang'ati, anamwita raia mwenzake adui kwa lugha asiyoijua. (Ramani nayo, kwa kuacha ritifaa, imeigeuza ng' ya ng'ombe kuwa ng ya ngoma.) Wala asijitetee kwa mizani. Wa-ma-ng'a-ti ni mizani nne. Wa-da-to-ga nne vilevile. M-ma-ng'a-ti ni nne, M-da-to-ga nne. Kipande cha mizani nane hakitapungua wala kuzidi.

Udhuru uliosalia ni kina: maneno ya -ti ni tele, ya -ga ni haba. Nao ni dhaifu, kwa kuwa jina laweza kuwekwa mwanzoni mwa kipande, mahali ambapo kina hakiligusi.