Ngoma Ikilia Sana

Mpigaji mzuri wa ngoma huanza kazi kabla watu hawajakusanyika. Huisogeza ngoma karibu na moto wa nyasi, huigeuza, huipiga kiganja kimoja, husikiliza, kisha huirudisha motoni. Asubuhi ya Songea, hasa mwezi wa sita na wa saba, ubaridi huilegeza ngozi, na ngoma iliyolegea haisemi kitu. Ikizidi kuota moto nayo hukauka hadi ikachanika. Katikati ya hali hizo mbili kuna nafasi finyu ambayo hakuna kitabu kinachoifundisha. Fundi anaijua kwa mkono.

Huu ni mji unaojua ngoma nzito. Lizombe ya Wangoni haichezwi kwa upole: miguu inakita ardhi kwa pamoja, vumbi linapanda, na mlio wa ngoma kubwa unakupiga kifuani kabla hujausikia masikioni. Mganda nao, unaochezwa sana kuelekea Ziwa Nyasa na uliorithi gwaride la askari wa enzi za ukoloni, una ukali wa namna nyingine, ukali wa mistari iliyonyooka. Ndiyo maana nilisimama kusikiliza vijana wa Majengo walipokuwa wakibishana kuhusu muziki wa metali wanaouchezesha kwenye simu zao. Mmoja alisema bendi ikishaanza kupiga kelele za hasira imeishiwa ufundi. Mwenzake akamjibu kwamba hasira ndiyo yenyewe waliyoifuata tangu mwanzo. Mzee aliyekuwa akinywa chai pembeni akawatupia methali: ngoma ikilia sana, haikawii kupasuka.

Methali hiyo inaieleza albamu ya St. Anger ya bendi ya Metallica, iliyotoka Juni 2003, vizuri kuliko watu wengi. Metallica ni miongoni mwa walioasisi thrashi, metali ya kasi iliyokomaa California mwanzoni mwa miaka ya 1980, na albamu yao ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1983. Miaka ishirini baadaye walikuwa wamevunjika mioyo: mpiga besi wao alikuwa ameondoka mwaka 2001, na mwimbaji alikuwa amekwenda kutibiwa ulevi. Wakarudi na kazi nzito na yenye hasira kuliko zote walizowahi kutoa, ya dakika 75, isiyo na hata kipande kimoja cha gitaa la kuongoza. Mpiga ngoma wao, Lars Ulrich, alilegeza nyaya zinazokaa chini ya ngoma yake ndogo, ikawa inalia kavu, kwa mlio wa debe tupu. Wapenzi wa bendi wakagawanyika, na hadi leo hawajapatana. Wengine wanaiita kazi ya ukweli mtupu, ya watu waliokataa kujipamba. Wengine hawawezi kuimaliza.

Mimi niko pamoja na hao wasioweza kuimaliza, ila si kwa sababu ya hasira yake. Hasira imo na ni ya kweli. Kilichokosekana ni mtu wa kuirudisha ngoma motoni. Mlio ule ule unapigwa wimbo baada ya wimbo, bila kupumua, hadi sikio linazoea na ukali unakufa. Mpiga lizombe anajua jambo hili bila kuambiwa: kishindo hupata nguvu kutokana na kimya kilichokitangulia, na mchezaji anayekita mguu muda wote hatishi mtu.

Kwa hiyo nawaelekeza vijana wale Nairobi, ambako metali imekuwa na wafuasi wake kwa miaka mingi, na bendi kama Last Year's Tragedy na Parking Lot Grass. Katika muziki huo wa Nairobi ndimo walimotokea Martin Khanja, ajulikanaye kama Lord Spike Heart, na Sam Karugu, wakaunda Duma. Albamu yao ilitoka Agosti 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni nzito kupita chochote walichokifanya kabla. Ngoma nyingi zimetengenezwa kwa mashine, zinakimbia kasi ambayo hakuna mkono unaoifikia, na gitaa mara nyingi limemezwa na mngurumo. Anayetaka gitaa lisikike kama gitaa ana haki ya kulalamika. Hata mimi kuna nyimbo ninazoziruka.

Lakini msikilize Khanja anavyoimba. Asiyeijua kazi hiyo hudhani anakwaruza koo. Mlio wa namna ile, kwa mtu aliyejifunza, huanzia tumboni: pumzi inasukumwa kwa kipimo, na kinachotetemeka zaidi ni mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti, ili nyuzi zenyewe zisichanike. Anayepiga kelele ovyo hupoteza sauti kabla ya wimbo wa tatu. Khanja anapanda, anashuka, ananong'ona, ananyamaza, kisha anarudi kwa nguvu ambayo usingeihisi kama asingenyamaza. Hapo ndipo hasira inapopata fundi wa kuibeba.

Mwaka 2024 alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyefikia cheo cha field marshal, ambaye ni wa ukoo wake. Bibi huyo alifuga nywele zake tangu msituni, na akakubali zikatwe mwaka 2022 tu, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Mtu wa Songea hahitaji kufafanuliwa hasira hiyo imetoka wapi. Sisi tuna tarehe 27 Februari, siku ambayo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67 wa Maji Maji hapa hapa mjini. Kila mwaka tunakusanyika kwenye makumbusho yao, na ngoma hupigwa. Sijawahi kusikia mtu akiomba siku hiyo ipigwe taratibu.

Ningependa kumwona Spike Heart amesimama kwenye uwanja wa makumbusho hayo, bila mashine, mbele ya wapiga lizombe watatu au wanne, kila upande ukijifunza kumpisha mwenzake. Wengi wangeondoka mapema, na sitawalaumu. Mlio ule si wa kila sikio. Mzee wetu wa chai huenda angekuwa wa kwanza kunyanyuka. Ila nina hakika wapiga ngoma wangebaki hadi mwisho, wakimtazama tumbo, wapate kujua anavuta pumzi saa ngapi.